Laptopu Inachemka na Hujafungua Kitu cha Maana? Fundi Anajibu Maswali Yenu

Kaskazi imeingia na meseji zenu nazo zimeingia, na karibu zote mwezi huu zinauliza jambo moja, laptopu inachemka wakati mwenyewe hafanyi kazi nzito. Hakuna gemu wala kuediti video, ni Word na WhatsApp na kurasa mbili tatu za intaneti basi. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Ila kabla hatujaanza naomba kitu: usimpe mtu hela ya kuongeza RAM (kumbukumbu ya kazi za papo hapo) wala ya kupiga Windows upya kabla hujajua joto linatoka wapi. Njia ni mbili tu. Ama prosesa, ile chipu inayofanya kazi zote za mashine, inafanya kazi ambayo we huioni, ama inafanya kazi ya kawaida ila joto lake halipati pa kutokea. Dawa ya huku haitibu kule, na inaniuma kuona mtu analipia ugonjwa ambao mashine yake haina.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, nina laptopu ya mtumba niliyonunua Kariakoo, prosesa yake ni Intel i5 ya kizazi cha 6. Nikichapa mitihani kwenye Word, baada ya nusu saa chini pana moto siwezi kuipakata, na feni inavuma mpaka wenzangu ofisini wanageuka. Kijana mmoja kaniambia niongeze RAM. Nimsikilize?

Shikamoo mwalimu. RAM iweke pembeni kwanza. RAM ikiwa ndogo mashine inakuwa nzito, lakini joto la kushindwa kuipakata mara chache sana linatokana na hapo.

Anza na kipimo, hakina gharama. Iweke laptopu juu ya meza ngumu, iwashe, usifungue kitu, iache kama robo saa hivi manake Windows ikishawaka huwa ina mambo yake ya kumaliza, apdeti, antivirasi kukagua mafaili, na mengine. Alafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda kwenye safu ya CPU, ndo hiyo prosesa. Mashine iliyotulia inacheza chini ya asilimia 10, mara nyingi 2 mpaka 5. Ukikuta imeganda kwenye 40 au 60 na we hujafungua kitu, gusa neno CPU lenyewe programu zijipange kuanzia inayokula zaidi, jina la kwanza pale juu ndo mtu wako.

Kipimo cha pili ni joto lenyewe. Pakua Core Temp au HWiNFO, zote za bure, zitakuonyesha nyuzi za prosesa. Kwa huku pwani ikiwa imetulia 45 mpaka 55 ni sawa, ukichapa na kufungua kurasa za intaneti 55 mpaka 70, na ikipewa kazi ngumu ikagusa 85 kwa muda mfupi usiogope. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zikikaribia nyuzi 100 zinajipunguza zenyewe mwendo zisiungue, ndo maana mashine iliyochemka inakuwa pia nzito, na kama joto bado linapanda inajizima ghafla bila kuaga.

Sasa soma hizo namba mbili kwa pamoja mwalimu, hapo ndo kwenye siri yote. CPU asilimia 5 na joto 80: kazi haipo ila joto limekwama ndani, nenda kasome jibu la ndugu yetu wa Dodoma hapo chini. CPU asilimia 70 na joto 80: kupoza kunafanya kazi yake vizuri kabisa, tatizo ni hicho kinachokula prosesa.

Na hali ya hewa nayo ihesabiwe. Makampuni mengi yanaandika kwamba laptopu zao zimetengenezwa kutumika kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Mwezi wa pili mchana pwani yetu ni 32, 33, na hapo ni kivulini, chumba chenye bati bila dari kinazidi. Feni haitengenezi baridi, inapuliza hewa ile ile iliyopo chumbani, kwahiyo chumba kikipanda nyuzi kumi na prosesa nayo inapanda karibu hizo hizo kumi. Usilinganishe namba zako na za mtu aliyekaa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20.

Vitu viwili vya kufanya leo leo. Toa kitambaa cha meza, manake laptopu nyingi zinavuta hewa kwa matundu ya chini na kitambaa kinaziba, alafu weka vifuniko viwili vya chupa ya soda chini ya pembe za nyuma ipate kunyanyuka. Cha pili, fungua Control Panel, Power Options, "Change plan settings", kisha "Change advanced power settings", tafuta "Processor power management" na ndani yake "Maximum processor state", pale penye 100 andika 99. Asilimia moja tu inaonekana ndogo lakini kwa laptopu nyingi za Intel inazima ule mwendo wa ziada. Mfano i5-6300U, ambayo ipo kwenye mitumba mingi sana ya kizazi chako, mwendo wake wa kawaida ni 2.4 GHz na ikijikaza inafika 3.0, na huko kujikaza ndiko kunakokula umeme mwingi na kuleta joto. Kuchapa mtihani kwa 2.4 hutaona tofauti yoyote. Kama mashine yako haionyeshi hiyo sehemu, nenda Settings, System, sehemu ya Power, chagua "Best power efficiency".

Bro fundi, niko chuo Morogoro. Laptopu yangu feni inapiga kelele kuanzia naiwasha, nikifungua Task Manager nione kinachokula, feni inatulia na CPU inashuka hadi 4%. Nikiifunga, baada ya dakika kadhaa kelele zinarudi. Au feni ndo imekufa?

Feni ni nzima mdogo wangu, tena ndo inayokwambia ukweli. Hiyo tabia ya kutulia ukifungua Task Manager na kuanza tena ukifunga ni dalili kubwa ya programu ya uchimbaji wa sarafu za mtandaoni iliyojificha, yaani inatumia prosesa yako kumtengenezea mtu mwingine hela za kidijitali. Zimeandikwa makusudi zijizime zikiona unachungulia. Nyingi zinachimba Monero manake hiyo inachimbika kwa prosesa ya kawaida tu, kwahiyo mtu asiyekujua anavuna, na umeme, feni na betri ni vyako.

Jiulize ulipakua nini kabla haijaanza. Kraki ya Office? Kile kiprogramu cha kuaktiveti Windows kinachopita kwenye flashi bwenini? Kama maelekezo yake yalisema uzime antivirasi kwanza, hapo ndo ulipomfungulia mlango. Ingia Windows Security, "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", shuka mpaka "Exclusions" uone kuna nini. Ukikuta pameandikwa C:\ yote, maana yake antivirasi imeambiwa isikague diski nzima, na kama si we uliyeandika hivyo basi ni hicho kiprogramu. Futa hiyo, rudi nyuma, "Scan options", chagua ile ya "offline scan". Laptopu itajizima na kujikagua kabla Windows haijawaka, inachukua kama robo saa, na jamaa anakuwa hana pa kujificha manake hajaamka.

Ikishindikana, hapa ndo mahali pa kupiga Windows upya, kweli kabisa, ila kwa faili lililotoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe na sio flashi ya rafiki, usije ukarudisha mgeni yule yule. Na kabla ya yote hayo, ukiwa kwenye SIMU sio kwenye hiyo laptopu, badilisha nywila ya imeili yako na za mitandao, manake vinavyoleta uchimbaji mara nyingi vinabeba na vya kuiba nywila. Joto ni nafuu hapo, imeili yako ndo ya kuhofia. Kwa kuandika asaimenti LibreOffice ni ya bure, halali, na inafungua mafaili ya Word.

Salaam aleikum fundi. Mie nashona nguo hapa Mombasa, jioni naweka YouTube kutazama mafunzo ya kukata gauni. Laptopu ikiwa kwa kazi nyengine yatulia, lakini video ikianza tu yapata moto na picha yakwama kwama. Intaneti ni nzuri, simu yaonyesha video hiyo hiyo bila shida. Ni i5-4300U.

Aleikum salaam dada. Umenipa namba ya prosesa na hiyo imenirahisishia sana, wasomaji wengine igeni. Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi, yako ni 4, yaani mashine ya miaka ya 2013 na 2014. (Zikianza na 10, 11, 12 ni kizazi cha kumi na kuendelea.)

Video za intaneti zinakuja zimebanwa, na YouTube anapenda kuzibana kwa mtindo unaoitwa VP9, au mpya zaidi AV1, manake zinakula bando kidogo. Kuzifungua ni kazi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7 zina sehemu yake maalumu ya kufungua VP9 bila jasho, na AV1 ni kuanzia kizazi cha 11. Yako haina hata moja, kwahiyo prosesa nzima inabeba mzigo kwa nguvu za mikono, ndo moto na ndo kukwama. Simu yako ni ya juzi juzi, inayo hiyo sehemu.

Thibitisha hivi: video ikiwa inacheza, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya picha, chagua "Stats for nerds", tafuta mstari wa Codecs. Ukiona vp09 au av01, ndo hilo. Laptopu yako inaiweza H.264, ambayo pale itasomeka avc1. Kwenye kivinjari cha Firefox kuna ekstensheni, yaani kiprogramu cha kuongezea, inaitwa enhanced-h264ify, ukiiweka YouTube atakuletea H.264 badala ya hizo nyingine. Itakula bando zaidi kidogo na haitavuka 1080p, lakini kwa skrini yako huhitaji zaidi ya hapo. Hutaki kuweka kitu? Shusha picha hadi 480p, mkasi na chaki bado utaviona vizuri tu na moto utapungua.

Niseme wazi, laptopu yako haina ubovu. Atakayekwambia ununue nyingine kwa sababu ya hili mwambie asubiri.

Mkuu, nina duka la stationari Dodoma, laptopu inawaka kutwa. Fundi kapuliza kwa blowa nje nje, kachukua hela yake, siku mbili joto limerudi pale pale. CPU inasoma 6%, Core Temp inasoma 84. Hewa inayotoka ubavuni ni kidogo na wala sio ya moto sana.

Swali hili nalipenda kwa sababu umeshapima, na umeona hata dalili ambayo wengi wanaipita: chasisi ina moto lakini hewa inayotoka haina. Joto limebaki ndani.

Ndani ya laptopu kuna bomba la shaba lililolala juu ya prosesa, linabeba joto mpaka ubavuni kwenye mapezi membamba sana ya chuma yaliyopangwa karibu karibu, feni inapuliza katikati yao. Vumbi halikai kwenye feni peke yake, linajikusanya upande wa NDANI wa hayo mapezi, kati yake na feni, na baada ya miaka miwili mitatu linashikana kama pamba ya mto. Kwa vumbi la Dodoma, na karatasi za stationari zinavyomwaga unyuzi, muda ni mfupi zaidi. Ukipuliza kutoka nje unaisukuma ile pamba inarudi kwenye feni, upepo unapita siku mbili, alafu feni inairudisha ilipokuwa. Ndo kilichokukuta.

Dawa ni kufungua. Mwambie fundi mbele yako: fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri KWANZA, toa feni yenyewe kwenye nyumba yake, itoe pamba kwa brashi laini au kibano. Kama mnapuliza, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, manake blowa inaizungusha kuliko uwezo wake na beringi zinakufa. Ukiizungusha kwa kidole ikawa nzito au inakwaruza, badilisha feni, usiipake mafuta ya cherehani, itazunguka wiki moja tu. Baadhi ya HP zinakwambia zenyewe wakati wa kuwaka kwa kuandika 90B, na ThinkPad inaandika "Fan error".

Wakati iko wazi mbadilishe na pesti, ule ute unaokaa kati ya prosesa na shaba. Kwa mashine ya miaka mitano na zaidi kawaida umeshakauka unakatika kama... unakatika vipande, basi. Itolewe ya zamani yote kwa spiriti na kitambaa kisicho na manyoya, spiriti ikauke kabisa, alafu iwekwe mpya, tone dogo la ukubwa wa punje ya mchele kwa prosesa ndogo za laptopu, ikibanwa itajisambaza. Ile pesti nyeupe ya kopo isiyo na jina, ya bei ya kutupa, mi siitaki, inakauka mapema. Ulizia Arctic MX-4 au MX-6 au yenye jina linalofanana na hizo kwa ubora. Skrubu za shaba zina namba zimechongwa pembeni, 1, 2, 3, 4, kaza kwa kufuata hizo namba kidogo kidogo, ukikaza moja mpaka mwisho kabla ya nyingine shaba inalala upande na kazi yote inapotea. Na vile vipande laini vya mpira vinavyokaa juu ya chipu nyingine visitolewe vikabadilishwa na pesti, pesti haijazi pengo.

Ikirudi, pima tena mbele ya fundi kwa CPU ile ile ya 6%. Mashine iliyoziba hivyo ikisafishwa sawasawa nategemea uone nyuzi 15 au 20 zimeshuka. Isiposhuka usilipe yote, shaba haijakaa vizuri.

Assalaam alaykum. Laptopu ya mwanangu hapa Unguja inapata moto, na sasa ile sehemu ya kusogezea kidole imenyanyuka, haibonyezeki, na kifuniko hakifungi vizuri. Anasema tuibane na kitabu kizito usiku. Ni sawa?

Waalaykum salaam mama. HAPANA, msiibane na chochote. Hiyo ni betri imevimba, imejaa gesi ndani, na inasukuma juu. Joto la muda mrefu na kukaa kwenye chaja kutwa kucha na chaji imejaa 100 ndo vinavyoivimbisha.

Ichomoe chaja sasa hivi, izimeni, iwekwe sakafuni penye simenti au vigae, mbali na pazia na godoro. Ipelekwe kwa fundi aitoe, kwa kipande cha plastiki na sio bisibisi, na laptopu nyingi zitaendelea kufanya kazi kwa chaja mpaka mpate betri nyingine. Betri hiyo isitobolewe kutoa gesi, kuna watu wanafanya hivyo na inawaka mkononi. Isitupwe jalalani wala isichomwe na taka za nyumbani, mwachie fundi, aulizwe anazipeleka wapi. Ikianza kutoa moshi tokeni nje wote, moshi wake ni sumu, na kwa Tanzania zimamoto ni 114.

Mkishaweka mpya, laptopu nyingi zina sehemu ya kuiambia isijaze kupita asilimia 80, Lenovo iko kwenye programu ya Vantage, ASUS kwenye MyASUS, HP na Dell nyingi iko kwenye BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwa laptopu inayokaa kwenye chaja kila siku hiyo inarefusha sana umri wa betri.

Niaje fundi, niko campus Nairobi. Huwa naweka laptopu kwa mapaja nikiwa kitandani, masaa mengi, na sasa paja la kushoto liko na mistari ya kahawia imekatana katana. Haiumi. Ni ya laptopu kweli?

Inaweza kuwa ndiyo, na madaktari wameshaandika kuhusu watu wa laptopu wenye alama hiyo. Joto lisilofika la kuunguza, likirudiwa rudiwa miezi, linaacha mistari hiyo hiyo. Wazee wanaokaa karibu na jiko la mkaa wanaipata miguuni. Upande wa kushoto unapata zaidi kwa sababu laptopu nyingi zinatolea joto huko. Acha kuiweka pajani kuanzia leo, weka ubao au sinia pana chini yake, mto hapana manake unaziba matundu. Kwa kawaida hufifia taratibu, ila mwonyeshe daktari wa ngozi akuhakikishie, hasa kama pana kidonda au kauvimbe.

Kaka, niko Muscat, kazi yangu ni ya kuzunguka na gari. Naifunga kifuniko naiweka begini, nikifika kwa mteja naitoa ina moto mkali na chaji imekwisha. Sijaigusa njia nzima.

Hujaigusa lakini haikulala. Laptopu za siku hizi ukifunga kifuniko zinasinzia nusu nusu, zinaendelea kuvuta imeili na apdeti, na ndani ya begi hakuna hewa. Fungua Command Prompt, andika powercfg /a, ukiona kwenye zinazokubalika pameandikwa "S0 Low Power Idle" basi ni ya aina hiyo. Dawa: Control Panel, Power Options, "Choose what closing the lid does", weka "Hibernate" kwenye safu zote mbili, ya betri na ya chaja. Hapo inahifadhi kazi zako kwenye diski na kuzima kabisa, kuamka itachukua sekunde chache zaidi.

Na kwa joto la huko Juni, linavuka 40 kivulini, usiiache kwenye gari lililofungwa juani hata ikiwa imezimwa, shuka nayo. Ikitokea imeshapata moto, ingia nayo ndani penye kiyoyozi, iache nusu saa ndo uchomeke chaja. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zaidi ya nyuzi 45, na laptopu ikikataa kujaa wakati huo hiyo ni kinga yake, chaja haijafa, usikimbilie kununua nyingine.